Chai haijapoa, mshindi keshatangazwa

Saa tatu usiku, tarehe 27 Februari 2025, vituo vya kura Ontario, Canada, vinafungwa, mie niko jikoni nimejimiminia chai ya tangawizi, theluji nje imepanda mpaka dirishani, nikajisemea leo nakesha kama tunavokesha nyumbani Zanzibar, redio sikioni, kalamu na karatasi mkononi, mtu anasema Wawi washamaliza, Mtambwe bado, kuna pahala kuna zogo masanduku hayajafika. Nimevuta kiti, nimekaa vizuri. Sijafika nusu ya kikombe, televisheni wanasema imekwisha. Doug Ford, waziri mkuu wa Ontario, kashinda, tena kwa wingi wa viti, mara ya tatu mfululizo.

Chai haijapoa.

Basi nikazima nikalala. Kesho yake Ijumaa Mama kanipigia, kwao watu washatoka msikitini, anajua hii ndo mara yangu ya kwanza kupiga kura tokea nipate uraia, kwa hiyo furaha yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

"Haya, mmeshinda?"

"Tumeshindwa Mama."

"Wao wamepata ngapi?"

"Asilimia 43."

"Na nyinyi mlobaki?"

"Ukitujumlisha wote, 57."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Sasa hapo," akasema, "mmeshindwa vipi?"

Swali lenyewe ndo hilo. Mwezi wa Ramadhani ukaingia Jumamosi, ukaisha, Idi tukala, na bado linanikera kama kijiba cha mwiba kidoleni.

Kwanza tuelewane maneno

Sie Wazanzibari mambo haya hayatupi tabu, tumezoea jimbo moja kumchagua mbunge wa kwenda Dodoma na mwakilishi wa kwenda Chukwani. Hapa hivo hivo, mbunge anakwenda Ottawa, mwakilishi anakwenda Toronto, na uchaguzi huu ulikuwa wa wawakilishi. Ontario yenyewe nitaiita mkoa, ijapokuwa kwa ukubwa wa ardhi inaipita Tanzania, ili neno jimbo libaki kwa jimbo la uchaguzi tusije tukachanganyana.

Kura yenyewe dakika tano. Nimekwenda skuli ya mtaani, hakuna foleni, hakuna wino wa kidole (nilishanyoosha kidole, yule dada akaniangalia tu), nikatia alama, karatasi ikamezwa na mashine. Nilimpa nani si hoja. Alishindwa, basi.

Nyuma ya bahasha

Usiku wa siku ile ya simu nikachukua bahasha ya bili ya umeme nikaigeuza, nikaanza hesabu.

Viti ni 124. Chama cha Ford, Progressive Conservative, asilimia 43 ya kura, viti 80. Liberals asilimia 30, viti 14. NDP kama 18 na nusu hivi, viti 27. Greens karibu 5, viti 2.

Soma tena hapo kati. Liberals wana kura nyingi kuliko NDP, tena si kidogo, nyingi mno, lakini NDP ndo wamekaa kiti cha upinzani rasmi na viti karibu mara mbili. Na kiongozi wa Liberals wakati ule, Bonnie Crombie, mtu ambaye chama chake kimepata kura tatu katika kila kumi za mkoa mzima, kiti chake mwenyewe cha Mississauga kakikosa.

Nikaandika safu ya pili pembeni, lau viti vingegawiwa kwa uwiano wa kura tu. Ford 53. Liberals 37. NDP 23. Greens 6. Na hapo Ford angekuwa bado ni wa kwanza, hakuna anaemnyang'anya, ila angelazimika kubisha hodi kwa mtu kabla ya kupitisha sheria.

Sababu yake wala si uchawi. Kura za Liberals zimetandazwa nyembamba kama samli juu ya mkate, kila jimbo zipo, kila jimbo wa pili, na wa pili hapati kitu. Za NDP zimerundikana pahala pahala, kwa hiyo zinavuna. Halafu waliojitokeza kupiga kura ni kama asilimia 45 tu, manake ukipiga hesabu kwa watu wote wenye haki ya kura, serikali yenye viti 80 imechaguliwa na pungufu ya mtu mmoja katika kila watano.

Nikaibandika ile bahasha kwenye friji. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na uhakika, na vitu hivo viwili vikikaa pamoja vina raha yake.

Kura walipata hawa, viti wakapata wale

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa Chake, Pemba. Maneno ya kichwa hapo juu ni yake, alikuwa akiyasema barazani baada ya magharibi, na sie watoto tulishachoka nayo, tukimwona ameshusha kofia tu tunajua leo ni elfu moja mia tisa sitini na moja.

Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa Afro-Shirazi kwa kura moja. Moja! Babu alikuwa anasema kila mtu wa rika lake pale Chake alikuwa anamjua mtu ambaye siku ile alikuwa na homa, au alikuwa kaenda kuvua, au alisema atakwenda baada ya kula. Nchi nzima ikatoka ASP, ndo hao Afro-Shirazi, viti 10, Hizbu (chama cha ZNP) 9, na chama cha tatu, ZPPP, 3, na wale watatu wakagawika, wawili huku mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, haitawaliki. Wakarudia Juni, ikazuka fujo, watu 68 wakafa.

Halafu Julai 1963, uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. ASP wakapata kama asilimia 54 ya kura zote. Viti 13 kati ya 31. Hizbu na ZPPP pamoja wakawa na 18, wakaunda serikali, uhuru Disemba 10, na kilichotokea Januari 12 hahitaji mtu kuhadithiwa.

Siwezi kusema Mapinduzi yaliletwa na hesabu ya majimbo. Kila nyumba kwetu ina hesabu yake ya mwaka ule na nyengine haziandikwi kwenye blogu. Lakini usiku ule na bahasha yangu ndo nikaona, baada ya miaka yote, kuwa Babu hakuwa analalamika, alikuwa anaeleza jinsi mashine inavofanya kazi. ASP walishinda majimbo yao kwa mlima wa kura, wenzao wakashinda yao kwa upenyo. Mlima unapoteza kura. Upenyo unavuna viti. Ni mashine ile ile ya Liberals na NDP, ila kule kura zilipotea kwa kurundikana na huku kwa kutandazwa, tofauti nyengine ni bahari na theluji.

Na sisi wenyewe tuliendelea nao mfumo ule ule. Mwaka 1995 CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, ramani ikawa ya rangi moja, kana kwamba Pemba nzima hakuna mtu wa CCM hata mmoja. Walikuwepo. Mmoja alikuwa akituuzia mafuta ya taa.

Lakini hapo ndo nilipoanza kutetereka.

Kwa sababu hapa hakuna aliyekasirika. Yaani kabisa. Jumatatu nimekwenda kazini, watu wanazungumza barafu na ushuru wa Trump, hakuna hata mmoja aliyesema tumedhulumiwa. Nikabaki najiuliza, ikiwa hesabu ni ile ile, kwa nini kule iliunguza na huku haikutoa hata moshi?

Zamu ya kula

Jibu moja nililolipata si zuri sana.

Mwaka 1990 hao hao NDP, chini ya Bob Rae, walichukua Ontario yote, viti 74 kati ya 130, kwa kura chini ya asilimia 38. Hakuna mwana-NDP aliyesema mfumo huu wa wizi, hebu turudishe. Liberals wa Ottawa mwaka 2015 walipata wingi wa viti kwa kura chini ya asilimia 40, na kiongozi wao Justin Trudeau alikuwa keshaahidi kuwa huo ndo uchaguzi wa mwisho wa mtindo huu. Ilipofika Februari 2017 akaiacha ahadi mwenyewe. Mkoa wa Quebec, François Legault naye akaahidi akiwa mpinzani, akashinda, mswada ukaletwa, ukafa, halafu 2022 akavuna viti 90 kati ya 125 kwa asilimia 41, na kile chama cha Conservative cha huko kikapata karibu kura 13 katika kila mia bila kiti hata kimoja.

Kila mmoja anaulalamikia mlango akiwa nje. Akishaingia anauliza kitasa kiko wapi.

Kwa hiyo labda hawakasiriki kwa sababu kila mmoja anasubiri zamu yake ya kula bila jasho, na zamu kweli huja. Sie mwaka 1963 hakuna aliyeamini kuwa zamu ingekuja. Na huenda ndo maana kwetu dawa iliyopatikana haikuwa ya viti kabisa, ilikuwa ya kugawana serikali, kura ya maoni ya 2010 na Makamu wa Kwanza kutoka chama cha pili. Majimbo yalibaki vile vile.

Watu 160 waliookotwa kwa bahati nasibu

Kipande hiki ndo nilichokipenda kuliko vyote, na ndo kilichonivunja moyo.

British Columbia, mkoa wa magharibi kabisa, waliwahi kupata matokeo ya vituko viwili mfululizo. 1996 NDP wakashinda viti ilhali Liberals ndo wenye kura nyingi. 2001 Liberals wakalipiza, viti 77 kati ya 79. Upinzani watu wawili! Unaweza kuwapakia kwenye bodaboda moja.

Basi serikali ikafanya kitu ambacho sijakisikia kwetu. Badala ya tume ya majaji na maprofesa wakaokota raia 160 kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapiga kura, mwanamme mmoja na mwanamke mmoja kila jimbo, na wawili kutoka watu wa asili. Mwaka mzima wa 2004 watu hao wanasoma mifumo ya kura, wanasikiliza watu, wanabishana. Mwisho wakapiga kura wenyewe kwa wenyewe, 146 kwa 7, tubadilishe. Walichagua mfumo ambao jimbo linakuwa kubwa, wawakilishi kadhaa, na mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mei 2005 wakaupeleka kwa wananchi. Asilimia 57.7 wakasema ndio. Majimbo 77 kati ya 79 yakasema ndio.

Ukashindwa.

Kwa sababu serikali ilikuwa imeweka kizingiti cha asilimia 60.

Nilisimama jikoni nikacheka peke yangu saa nane za usiku, daku iko jikoni inachemka. Asilimia 43 inatosha kutawala mkoa wa watu milioni kumi na sita kwa miaka minne. Asilimia 57 haitoshi kubadilisha namna ya kuhesabu.

Wakajaribu tena 2009, ndio ikashuka mpaka 39. Wakajaribu tena 2018 kwa posta, 39 tena, na safari hii kizingiti kilikuwa nusu tu, hakuna wa kumlaumu. Prince Edward Island, kisiwa kidogo, 2016 walisema ndio kwa asilimia 52, serikali ikasema waliojitokeza ni wachache mno haihesabiki, 2019 wakaulizwa tena na ndio ikapungukiwa kidogo. Na Ontario yetu hii 2007, raia 103 waliookotwa vile vile wakapendekeza mfumo mchanganyiko, viti 90 vya majimbo na 39 vya orodha za vyama. Asilimia 63 ya wapiga kura wakasema hapana.

Sasa hasira yangu ikakosa pa kukaa. Unaweza kumlaumu Trudeau, unaweza kulaumu kizingiti. Utawalaumu vipi watu 63 katika mia?

Bibi wa chumba cha mwisho

Mie kazi yangu ni kulea wazee, kuogesha, kulisha, kubadilisha. Kuna bibi mmoja chumba cha mwisho upande wa dirisha, miaka tisini na ushei, akili kama wembe, kila asubuhi lazima asome gazeti kwanza ndo akubali kuoga. Nikamuuliza siku moja namchana nywele, 2007 ulipiga kura ile? Akasema nilipiga, nilikataa.

Kwa nini?

Akanijibu kwa swali. Hao 39 wa orodha, mtu akiwa na shida, anampigia yupi?

Nikamweleza kuwa majimbo yangebaki, kila pahala pangekuwa na mtu wake, hao 39 ni wa kusawazisha tu hesabu. Akanisikiliza kwa adabu, kama unavomsikiliza mtoto anaekueleza katuni. Akasema mume wake alipokuwa anaumwa, miaka ile, alimpigia mwakilishi wa jimbo, mtu ambaye hajawahi kumpa kura maishani, na yule bwana alikuja mwenyewe mpaka mlangoni na viatu vyake vya matope. "Orodha," akasema, "haina viatu."

Nikamaliza kumchana sikusema kitu.

Nilikuwa nafikiria viti maalum vyetu. Manake viti maalum vya Tanzania vinagawiwa kwa uwiano wa kura, chama kinachofika asilimia 5 ya kura za ubunge kinapata fungu lake, huo uwiano tunao kitambo na hatuuiti hivo. Na nani aliwahi kumpigia simu mbunge wa viti maalum? Mwenyewe anajua aliyempa kiti ni nani, na si mimi.

Kaimati na jirani Mrundi

Kumi la mwisho tukawaalika futari majirani, mmoja ni kaka wa Kirundi wa ghorofa ya chini, dereva wa malori. Uji, tambi, muhogo wa nazi, kaimati, watu washashiba, nikaitoa bahasha yangu kwenye friji (mume wangu akaguna, keshaichoka). Nikamuuliza, kwenu ni uwiano, si ndio? Nyinyi mna raha.

Akacheka. Akasema dada, kwetu unapigia orodha ya chama, mkoa mzima, majina yamepangwa na wakubwa. Ukiniuliza mbunge wangu alikuwa nani nitakutajia chama.

Nikajua anamuunga mkono yule bibi. Lakini akala kaimati moja, akafuta shira kidoleni, akaendelea. Akasema ile orodha sheria inataka katika kila majina matatu yasiwe yote ya kabila moja, na Bungeni ni asilimia 60 Wahutu, 40 Watutsi. Tungekuwa na majimbo ya mtu mmoja mmoja kama nyinyi, hao 40 wangekipata wapi kiti, na nchi nzima wao ni wachache kila kijiji? Tungepigana hata karatasi hazijachapwa.

"Kwa hiyo unaipenda au huipendi?" mume wangu akamuuliza.

"Siipendi," akasema. "Lakini usiniondolee."

Nimelala na jibu lile mpaka leo.

Nilipofikia, kama nimefika

Bado mie ni wa uwiano. Ule mchanganyiko wa 90 na 39 naona ungetufaa, mtu wa kumpigia simu yupo na hesabu haimtii mtu aibu. Lakini ule uhakika wa Februari sina tena, na nikisikia mtu anasema mfumo fulani ndo haki yenyewe, nasikia viatu vya matope mlangoni.

Mama nimempigia Idi. Nikamweleza yote, kura moja ya Chake, 57 iliyoshindwa, bibi, Mrundi. Akasema, "Lakini hujanijibu." Nikasema najua.

Kadi yangu ya matibabu ilikuwa imekwama, nimezungushwa miezi miwili ofisini huko barua zinakwenda barua zinarudi. Nikamkumbuka bibi. Nikatafuta namba ya ofisi ya mwakilishi wa jimbo letu, yule niliyempigia kura ya kumkataa, nikapiga huku moyo unanidunda kama nimeenda kukopa. Kapokea binti, sauti ya kitoto. Hakuniuliza nilimpa nani kura. Kaniuliza anwani ya posta, kaniuliza tarehe ya kuzaliwa, kanambia subiri kidogo, nikasikia anabofya bofya kibodi. Siku nne baadae kadi ikaja.

Kabla hatujakata simu aliniuliza kama kuna jengine lolote angeweza kunisaidia.

Bahasha iko mbele yangu kwenye friji. 53, 37, 23, 6.

Nikasema hapana, ahsante, ni hilo tu.